Nusu ya Mzee Clavery

Asubuhi hiyo mtambo wa kuchoronga ulikuwa umesimama pale rweya, ile mbuga ya nyasi, inapokutana na migomba, juu kidogo ya Kishanda, na wachorongaji walikuwa wanakunywa chai kwa zamu. Kila bomba lilipovutwa kutoka shimoni, Twaibu, mkuu wa mtambo, aliligongagonga ubavuni kwa nyundo, na mche wa mwamba ukateleza nje, wa mviringo, mnene kama gunzi la mahindi. Aliuosha, akauchora mstari wa penseli nyekundu upande wa juu ili kila mtu ajue jiwe lilivyolala ardhini, kisha akaulaza kwenye trei. Trei zilipojaa zilipelekwa kwenye banda la mabati, ambako Nathanael Kahangwa, mjiolojia, alikaa na lenzi shingoni akiyasoma mawe.

Mawe yenyewe hayakuwa na haraka. Zamani sana yalikuwa tope chini ya maji. Yakafukiwa, yakapikwa na joto la ndani ya dunia, yakakandamizwa mpaka yakageuka na kuwa matabaka membamba yanayometameta, yamekunjwa na kukunjwa tena kama khanga za sandukuni. Mahali fulani katika mikunjo hiyo maji ya moto yalikuwa yamepita na kuacha risasi, zinki na fedha, na kampuni ilikuwa imekuja kutafuta mahali hapo. Kufikia asubuhi hiyo ilikuwa imepata mwamba wa kijivu tu, na Nathanael alikuwa ameanza kutafuta namna nzuri ya kuwaambia wakubwa.

Shimo halikushuka wima. Lilianzia rweyani, likainama kwa mshazari na kupita chini kabisa ya kibanja, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kwa sababu kampuni ilikuwa imeahidi kutogusa makaburi, na katika kibanja kile yalikuwemo makaburi. Kilikuwa kibanja cha akina Kahangwa. Nathanael ndiye aliyeichora njia ya shimo kwenye ramani, na Nathanael huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenye kibanja.

Kabla ya adhuhuri mche ulikuja mzito. Twaibu aliubeba kwa mikono miwili. Ulikuwa umejaa galena, lile jiwe la risasi na fedha, lenye vipande vya mraba vinavyong'aa kama sufuria mpya. Bomba lililofuata ndilo lililomleta Mzee Clavery Kahangwa, baba yake Nathanael, aliyekuwa amefariki miaka michache nyuma.

Mtambo ulikuwa umempitia kwa mshazari. Ulichukua sikio la kushoto, lile lenye pengo aliloachiwa na mbwa wa jirani, ukachukua mdomo wote, kipande cha kifua na goti moja. Macho uliyaacha chini. Koti alilozikwa nalo lilikuwa limegeuka jiwe pamoja naye, na mistari yake ilifuata matabaka ya mwamba bila kukosea.

"Shikamoo, mzee," alisema Twaibu, ambaye alilelewa vizuri kwao Bukoba.

"Marahaba. Ni nani mwenzangu?"

"Twaibu, wa mtambo."

"Karibu sana, waitu. Mwanangu yuko hapo?"

Twaibu alimlaza kwenye trei kwa mpangilio, sikio kwanza na goti mwisho, akamwita mjiolojia. Nathanael alikuja, akainama, akafanya kile alichosomea. Alipima upana wa mshipa. Alitazama kwa lenzi ukubwa wa chembe za galena kwenye kifua. Halafu akamweleza Twaibu kwamba upande huo matabaka yameinama sana, na kitu kizito kikipata mwanya kati yake huteremka kidogo kidogo hadi mbali. Kaburi lilichimbwa kimo cha mtu. Sasa mzee alikuwa ametolewa mita themanini na kitu chini yake. Twaibu alisema hilo linaeleweka.

"Siku ya kuzikwa sikuwa mzito," alisema Clavery. "Walinibeba vijana wanne, wakawa wanaongea njiani. Uzito ulikuja baadaye. Nathanael, uliwaambia?"

"Bado, tata."

"Basi ndio uzito wenyewe."

Kilichokuwa hakijasemwa kilikuwa kifupi tu. Clavery alipougua, binti yake Vestina aliacha shughuli zake akarudi Kishanda kumuuguza. Alimgeuza kitandani, akamwogesha, akampondea ndizi mpaka akashindwa hata ndizi. Nathanael alikuwa anakuja Jumapili kutoka Bukoba na mkate, anakaa kwenye kiti, anaondoka. Jumapili moja, Vestina akiwa ameenda mtoni, mzee alimwambia Nathanael kwamba kibanja kigawanywe katikati. Upande wa nyumba uwe wa Vestina, upande wa barabarani uwe wake. "Uwaambie," alisema. Nathanael akajibu kwamba amesikia.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Mzee Avit, mdogo wake marehemu, akauliza kama inavyoulizwa siku zote: marehemu ameacha neno? Watu wote wakamtazama Nathanael, kwa kuwa yeye ndiye omusika, mrithi. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akasema hapana, hakuacha neno. Hakuwa na njaa mtu huyu. Alikuwa na nyumba Bukoba na kazi yenye heshima. Aliogopa tu wazee wasije wakamwona mtu anayempa mwanamke ardhi ya ukoo, na tena, tuseme ukweli, kibanja kizima ni kitamu kuliko nusu. Vestina wakati huo alikuwa nje akiwapakulia watu chakula. Baada ya matanga alifunga nguo zake akateremka Ngenge, akakodi shamba la mahindi. Hakuwahi kuuliza lolote, na Nathanael angependelea sana kama angeuliza, angalau apate cha kukasirikia.

Twaibu aliporudi kwenye mtambo, Nathanael alibaki na baba yake bandani. Hapo alifanya jambo ambalo mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa kwanza hulifanya mara moja tu, akafokewa, asilirudie maisha yake yote. Alishika kipande chenye mdomo akakigeuza kifudifudi, mstari mwekundu ukaenda chini. Sauti ya mzee ikawa ya mtu aliyelalia mto. Nathanael akaendelea na kazi. Baada ya muda Twaibu aliingia na trei nyingine, akaona, akadhani ni bahati mbaya, akakirudisha kipande sawa na kukifuta vumbi kwa kiganja.

"Kilikuwa kimegeuka," alisema kwa upole.

Nathanael aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alijifanya anatafuta penseli.

Habari haikukawia. Mchana watu wa Kishanda walianza kuja kumsalimia mzee. Wanawake walikata nyasi rweyani wakazitandaza kwenye sakafu ya banda, maana haikuwa heshima mtu wa umri ule kupokelea wageni kwenye saruji. Wazee walikuja na kahawa ya kutafuna, wakamwekea punje mdomoni, naye akaishikilia kwa midomo kwa adabu. Walimpa habari za mnyauko wa migomba na za waliooa na waliozaa. Jirani mwenye mbwa alimwomba radhi kwa habari ya sikio. Katekista aliuliza kama misa za kumwombea ziendelee, na Clavery akasema ziendelee tu, hazijamdhuru.

Na kila aliyeingia aliambiwa jambo lile lile. "Nusu ya kibanja ni ya Vestina. Nilimwambia Nathanael nikiwa hai." Walijibu, "Tumesikia, waitu," wakaaga, wakapita mlangoni mbele ya Nathanael wakimtazama viatu. Ingekuwa nafuu wangemtazama usoni. Alihesabika kwao kuwa msomi wa kijiji. Watoto walitajiwa jina lake wanapozembea masomo. Sasa wazazi wale wale waliharakisha kupita kana kwamba wamemkuta akioga.

Mzee Avit alipiga simu Ngenge, na alasiri Vestina akafika kwa bodaboda, vumbi limemjaa hadi kope. Hakumtazama kaka yake. Alipiga magoti penye trei, akaweka mkono kwenye goti la baba yake.

"Tata, mgongo bado unauma?"

"Mgongo sinao, mwanangu. Umebaki chini."

"Afadhali basi," alisema Vestina, akafuta tope lililoganda kwenye sikio.

Ukoo ulikaa palepale bandani, watu wamekaa juu ya nyasi kati ya trei. Mzee Avit alikuwa mtu mpole, anayependa mambo yaishe bila mtu kupaza sauti, na alikuwa amefikiri njia nzima.

"Kaka amesema, na sisi si viziwi," alianza. "Lakini neno la marehemu tunalipokea siku ya kumaliza matanga, kwa kinywa cha yule aliyeachiwa. Siku ile tuliuliza, tukaambiwa hakuna. Leo tukipokea neno kutoka kwenye trei ya kampuni, kesho kila mwenye shida na ndugu yake atatafuta mtambo. Kwa hiyo njia ni moja. Tunamuuliza omusika kwa mara nyingine. Nathanael, mwanangu, baba yako alikwambia, au hakukwambia? Ukisema alikwambia, leo hii tunapanda miramura ya mpaka na dada yako analala kwenye nyumba yake."

Nje mtambo ulikuwa umezimwa, na wachorongaji walikuwa wamesimama mlangoni wamevua kofia za kazi. Nathanael alikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, na alilihisi mdomoni. Alimtazama Vestina, ambaye alikuwa bado anasafisha sikio la baba yao kwa ncha ya kitenge. Akawaza kwamba akikubali leo, atakuwa amekiri pia kwamba siku ile alidanganya mbele ya wote hawa, na aibu ya leo na ya siku ile zitamwangukia kwa pamoja. Aliona hataziweza.

"Alikuwa na homa kali," alisema. "Sikumbuki vizuri."

"Sikuwa na homa," alisema Clavery kutoka kwenye trei. "Nilikuwa na kiu. Ukanipa maji, nikakwambia."

"Sikumbuki, tata."

Mzee Avit alisema kwa sauti ndogo kwamba mgonjwa huwa na maneno mengi, na kwamba ukoo umeuliza na umejibiwa. Wote walijua ukweli. Banda lilikuwa la mabati na jua lilikuwa limeligonga siku nzima, lakini joto lililowafanya wafungue vifungo vya mashati halikuwa la jua. Walimwonea aibu Nathanael, na kwa kuwa wengi wao nao walikuwa na dada waliokuwa wanakodi mashamba mahali fulani, waliona aibu kidogo kwa upande wao pia, na jambo hilo liliwafanya wazidi kunyamaza. Wakainamia nyasi.

Ndipo Nathanael, ambaye hakuweza kuuvumilia ule ukimya, alisimama kueleza taratibu za kazi. Alisema mche wa mwamba wenye madini hukatwa kwa msumeno, kwa urefu, ukawa nusu mbili zilizo sawa. Nusu moja hubaki stoo ya kampuni, ya pili hupelekwa maabara Mwanza ikasagwe na kupimwa. Mzee naye ilikuwa lazima akatwe. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini yeye, kama mtoto wa marehemu, hatakubali baba yake akasagwe. Nusu ya maabara atampa Vestina, akae nayo. Kampuni atajua mwenyewe atakavyoieleza.

Uso wa Mzee Avit ulikunjuka. Wazee wakaanza kutikisa vichwa na kusema kwamba hilo ni jambo la mtu mzima, kwamba kusoma si kazi bure. Mmoja akapiga makofi, na wengine wakamfuata kwa kuwa walikuwa na hamu kubwa ya kupiga makofi kwa lolote.

"Basi binti naye amepata nusu," alisema Mzee Avit. "Hakuna tena wa kulalamika."

Vestina alishukuru kwa magoti, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa wakubwa.

Msumeno ulikuwa wa meno ya almasi na ulikata kwa maji. Clavery aliomba waanzie kwenye goti, azoee. Twaibu alikata polepole kuliko alivyokata jiwe lolote mwaka ule, akimwambia mzee kila alipofika: sasa kifua, sasa kidevu, vumilia, tunamaliza. Nusu mbili zilipowekwa sambamba ilionekana kwamba nusu moja ilikuwa na sauti na ya pili haikuwa nayo, ingawa zote mbili zilikuwa zinapumua. Kumbukumbu nazo zilikuwa zimegawanyika, lakini hapo hakuna aliyejua kipi kimebaki wapi. Vestina aliruhusiwa kuchagua, akachagua yenye sauti. Iliyonyamaza ilipelekwa stoo, ikapangwa kwenye rafu kati ya mwamba wa juu yake na mwamba wa chini yake.

Twaibu alizima msumeno, akanawa mikono hadi viwiko, akamwambia Nathanael kwamba ataomba ahamishiwe mtambo mwingine. Hakutoa sababu.

Nathanael mwenyewe ndiye aliyewapeleka Ngenge kwa gari la kampuni. Alisisitiza. Vestina alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma kwenye bodi, trei ameziegemeza kwenye mapaja zisirukeruke, na katika kioo Nathanael aliona kitambaa chake tu kikipepea. Waliteremka kutoka kwenye migomba na ubaridi, wakaingia kwenye joto na mahindi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika kwenye kile chumba cha udongo alichokuwa anaishi, ukingoni mwa shamba.

Mwenye shamba, Josia, aliwakaribisha kwa chai. Alimsalimia mzee, akampa pole ya safari. Vestina alipomweleza kwamba anaomba mahali padogo pa kumzika, hata pale pembeni penye mawe ambapo hapalimiki, Josia aliweka kikombe chini.

"Mzee ni mgeni wangu," alisema. "Alale ndani humo muda wowote atakao. Lakini kaburi, hapana, dada. Mnajua wenyewe. Mtu akishazika, shamba si la kukodi tena. Watoto wangu watakuja kuniuliza." Akamgeukia Nathanael. "Wewe kaka yake si una kibanja? Nasikia kikubwa. Huko mbona kuna nafasi?"

Lilikuwa swali la nia njema kabisa. Nathanael alikunywa chai iliyokuwa imebaki, ingawa ilikuwa majani matupu, akasema mambo ya ukoo ni magumu. Josia akakubali kwamba ni magumu. Akamkumbusha Vestina, kwa kuwa walikuwa wamelifikia suala la shamba, kwamba msimu ujao atalilima yeye Josia mwenyewe, akaaga, akaenda kufungia ng'ombe.

Vestina alinyanyua godoro, akasukuma mbao za kitanda, akazipanga trei chini, mstari mwekundu juu. Aliwasha taa ya sola ndogo, akaiweka karibu na trei, halafu akakumbuka kwamba mzee hana macho, akairudisha mezani. Nathanael alikuwa amevua viatu mlangoni kwa heshima ya nyumba ya mtu, na sasa alikuwa amevishika mkononi, amesimama, hajui kama atakaribishwa kukaa.

"Tumefika?" aliuliza Clavery chini ya kitanda. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya mchana, lakini ilikuwa ya uchangamfu.

"Tumefika, tata."

"Hapa ni wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Kwenye nusu yako?"

Vestina alikaa kitandani. Ilionekana wazi sasa kwamba kikao cha alasiri kilikuwa kimebaki katika ile nusu nyingine, stoo, pamoja na mpapaso wa mikono iliyomgeuza kifudifudi na mengine ya siku hiyo. Nusu hii haikuwa na habari nayo.

"Ndiyo, tata," alisema. "Kwenye nusu yangu."

"Kumbe Nathanael aliwaambia."

"Aliwaambia."

"Mbele ya ukoo wote?"

"Mbele ya wote. Baba mdogo Avit alifurahi."

Mzee alivuta pumzi ndefu, na trei zikasogea kidogo kwenye sakafu ya udongo, kama vile zimepungua uzito. "Nilimwonea wasiwasi bure," alisema. "Nilidhani ataogopa watu. Kumbe ni mtoto mwema. Mwite, Vestina. Yuko wapi? Nataka nimshukuru."

Vestina aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama kaka yake, na alimtazama kwa muda mrefu, bila chuki, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize sentensi. Nathanael alikuwa hatua chache tu kutoka kitandani. Alifungua mdomo. Aliona aibu ya kusema na aibu ya kunyamaza, akazipima, kama ilivyo kazi yake kupima.

"Amerudi Kishanda, tata," alisema Vestina mwishowe. "Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Nathanael alitoka kinyumenyume, viatu mkononi, akikanyaga kwa ncha za vidole. Nje alifungua mlango wa gari bila kuubamiza, akatoa breki ya mkono, akaliacha gari liteleze lenyewe mteremkoni katikati ya mahindi, na hakuliwasha mpaka lilipofika barabarani, mbali kiasi ambacho sikio la kushoto la baba yake lisingeweza kulisikia.